Sekunde Ishirini na Saba Juu ya Godoro

"Tangu nishuke tumboni mwa mama yangu, sijawahi kukoroma hata siku moja!"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa Foronya, Jumamosi, saa tano asubuhi, kupitia kipaza sauti, mbele ya watu wasiopungua sitini, yeye mwenyewe kasimama bila viatu juu ya godoro la inchi kumi na mbili. Yashike vizuri, maana hayakumaliza hata robo saa.

Foronya ni muuzaji wa magodoro katika duka kubwa la samani lililo mkabala na stendi ya mabasi. Jina hilo amepewa kwa ajili ya mashati yake: meupe pe, yamepigwa pasi mpaka yana makali, utadhani yametolewa kwenye pakiti asubuhi hiyo hiyo. Siku ile alivaa tai nyekundu, suruali ya kijivu, na soksi zenye picha za kondoo. Mimi ninayesimulia niko upande wa mito, hatua kumi tu kutoka kwake. Foronya hana siri. Lililompata nje ya duka hunimwagia lote wakati wa chai. Na yaliyotokea ndani ya duka nimeyaona mwenyewe, kwa sababu macho yangu, nikwambie mapema, hayajui kusinzia kazini.

"Nyinyi mnaokoroma," aliendelea Foronya, "kosa si lenu. Kosa la godoro! Lala juu ya hili, mkeo ataamka adhani umehama nyumba!"

Watu wakaangua kicheko. Kikakatwa na sauti ya mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo.

"Maneno matupu, mwanangu. Lala tuone."

"Shangazi!" Binti aliyefuatana naye alimvuta mkono. "Tumekuja kununua godoro, si kutafuta ugomvi."

Lo, binti gani huyo! Gauni la kijani lililomkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake, nywele kasuka nyembamba kazikusanya utosini, na mkononi, jambo la ajabu, saa kubwa ya kiume iliyokuwa ikimtelezea hadi kwenye kiganja. Foronya alimtazama, na ulimi wake ukatangulia mbele ya akili.

"Kwa amri ya shangazi," akainama kama mwigizaji, "nalala. Hesabuni hadi kumi, niinuke."

Akajilaza chali, mikono kifuani. Watu wakahesabu kwa pamoja kama watoto wa shule. Moja, mbili, tatu. Kwenye sita kidole gumba cha mguu kikacheza. Kwenye nane mdomo ukafunguka. Kwenye kumi hakuinuka mtu.

Kisha likaja. Ilikuwa sauti ya mtu anayeburuta kabati la nguo juu ya sakafu ya saruji, akifika ukutani anageuka na kulirudisha. Duka zima lilipasuka kwa kicheko. Simu zikatoka mifukoni. Mzee mmoja alicheka mpaka akakalia meza ya kioo ambayo hairuhusiwi kukaliwa.

Halafu kabati likakwama. Kimya.

Watu waliendelea kucheka, isipokuwa yule binti. Alimtupia shangazi yake mkoba, akapiga magoti kando ya godoro, macho yake yakawa mara kwenye kifua cha Foronya, mara kwenye ile saa.

"Nyamazeni!" alisema. "Kumi na mbili... kumi na tatu..."

"Anahesabu nini?" mtu aliuliza.

"Hapumui."

Kicheko kikafa pale pale. Kifua cha Foronya kilikuwa kikipanda na kushuka kama kawaida, lakini hewa haikuingia wala kutoka. Ilikuwa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Ishirini. Ishirini na tano. Midomo ilianza kubadilika rangi. Kwenye ishirini na saba binti alimshika bega akamtikisa, na Foronya akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Akafungua macho. Juu yake kulikuwa na uso mzuri kuliko nyuso zote alizowahi kuamkia.

"Umekaa sekunde ishirini na saba bila pumzi," uso ukamwambia.

"Na wewe," alisema Foronya, usingizi bado umemjaa lakini utundu haujapungua, "ndiye malaika aliyetumwa kunichukua?"

"Mimi ni daktari wa meno."

"Mungu wangu! Basi nimepelekwa motoni."

Shangazi alicheka peke yake. Daktari hakucheka. Alitoa kadi kwenye mkoba, akaiweka kwenye mfuko wa lile shati jeupe. "Jumatatu, saa nane mchana. Usikose."

Godoro walilinunua, ingawa sijui kwa nini.

*

Wewe ungeelewa nini ukipewa kadi namna ile? Foronya alielewa kwamba amependwa. Jumatatu alioga mara mbili, akajimwagia manukato mpaka watu wa kwenye foleni ya benki wakageuka, akanunua maua, na saa nane kasoro alikuwa kwenye chumba cha kusubiri, katikati ya wagonjwa walioshika mashavu. Yule dada wa mapokezi aliyatazama maua, akamtazama yeye, akasema: "Pole sana. Ni jino gani?"

Ndani, Daktari alikuwa amevaa koti jeupe, barakoa chini ya kidevu. Maua aliyapokea, akayaweka kwenye glasi ya kusukutulia.

"Asante. Kaa. Fungua mdomo."

"Hata salamu?"

"Salamu nitakupa ukifunga."

Taa ikamulika. Kioo kidogo kikapita kulia na kushoto. Akamwambia atoe ulimi, aurudishe, aseme "aaa". Kila alichokiona alikitolea mguno.

"Meno yamesagika kwenye ncha. Unayasaga usingizini. Kaakaa limebana. Ulimi mkubwa."

"Ulimi wangu umesifiwa na wengi, Daktari."

"Nimeusikia kwenye kipaza sauti. Naamini. Ukiamka kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Koo limekauka? Mchana unasinzia?"

"Nani hasinzii mchana? Lakini mimi sikoromi."

Daktari alivua glavu moja, kisha ya pili, taratibu. "Yale magodoro yenu yanayokuja yamekunjwa kwenye nailoni, yamefyonzwa hewa mpaka yamekuwa bapa. Umewahi kuyaona?"

"Mimi ndiye nayafungua!"

"Basi koo lako ukilala linafanya hivyo. Misuli inalegea, taya la chini linarudi nyuma, ulimi unalifuata, njia inakuwa nyembamba. Hewa ikilazimisha kupita, tunasikia kukoroma. Njia ikijifunga kabisa, hatusikii kitu. Na hapo ndipo pa kuogopa, si pale pa kelele. Ubongo unashtuka, unakuamsha robo tu, unavuta hewa, unalala tena. Usiku kucha unaamshwa, na asubuhi unadhani umelala."

"Sasa koo na meno wapi na wapi?"

"Taya likivutwa mbele kidogo, ulimi haurudi nyuma. Nani mwenye kazi ya mataya?" Akajinyooshea kidole. "Ila sikuambii unaumwa. Hilo si langu. Uende kwanza kwa daktari wa usingizi, akupe kipimo. Mimi nimetazama mlango tu, nimeona ni mwembamba."

Foronya aliahidi kwenda. Hakwenda. Kilichokwenda ni simu.

*

Alimpigia Jumanne kushukuru, Jumatano kuuliza kama maua bado mazima, na Alhamisi hakuwa na sababu, akapiga hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili ilikuwa kila siku saa saba mchana, yeye kajificha nyuma ya makabati ya nguo, Daktari anakula kwa haraka kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Mama Meno wangu, umekula?"

"Nakula. Na wewe, Baba Godoro?"

"Nakusikiliza. Sauti yako inanishibisha."

"Nani alikufundisha uongo mtamu hivyo?"

"Nauza magodoro, mpenzi. Uongo mgumu haununuliki. Leo nilikuwa nawaza nikikuona Jumapili, nikuvalie lile shati la... lile la... krrrrr..."

Upande wa pili, Daktari aliacha kutafuna. Nusu dakika ikapita.

"Halo? Halo! Ulikuwa unasemaje, mpenzi?"

"Sikuwa nasema. Nilikuwa nakuhesabu."

"Mtandao mbaya."

"Mtandao mzima. Utakwenda lini kwa daktari wa usingizi?"

"Wiki ijayo."

Wiki ijayo zikawa nne. Jumapili moja alasiri walikaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, Daktari na blauzi ya njano, Foronya na lile shati la... lile. Foronya alikuwa katikati ya kumsifia macho alipogundua kwamba Daktari anafungua mkanda wa saa yake na kuufunga, anaufungua na kuufunga.

"Hii saa ilikuwa ya baba," alisema Daktari. "Alikuwa anakoroma kuliko wewe. Tulimwita Trekta. Shangazi akija kututembelea tunamrekodi baba, tunamwekea asubuhi wakati wa chai, naye mwenyewe anacheka, anasema si yeye. Anasema tangu azaliwe hajawahi kukoroma."

Foronya alifungua mdomo atanie, akaona uso wake, akaufunga.

"Siku moja hakukoroma. Tuliamka, nyumba kimya. Mama akatuambia tutembee kwa vidole. Akasema, mwacheni, leo baba yenu amelala vizuri." Akaufunga mkanda wa saa. "Tulimwacha mpaka saa tatu, Foronya. Tulikuwa tunanong'ona ili tusimwamshe."

Vijana waliokuwa wakicheza mpira karibu yao walipiga kelele ya goli, Foronya akashtuka kama kapigwa yeye.

"Hakuna aliyejua kwa hakika kilichomchukua," Daktari aliendelea. "Lakini nilipofika chuoni nikasikia mwalimu anaeleza kimya cha mtu anayekoroma, nilitoka darasani nikatapika. Nakupenda. Nakwambia kwa sababu hujaniuliza. Lakini mama yangu aliolewa na mkoromo akaachwa na kimya, na mimi siolewi na kimya. Nenda ukapimwe, au usinipigie tena."

Jumatatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Foronya alikuwa mlangoni kwa daktari wa usingizi.

Alipewa mashine ndogo, mkanda wa kifuani na kitu cha kubana kidole, akalale navyo nyumbani. Majibu yaliposomwa alishika kiti. Mara kumi na tisa kila saa pumzi yake ilikwama.

"Kumi na tisa kwa usiku mzima?"

"Kwa saa moja."

"Labda imempima na jirani, ukuta wetu ni mwembamba."

Daktari wa usingizi, mtu asiye na mzaha, alimweleza kwamba yake ni ya kiasi cha katikati. Waliozidiwa hupewa mashine ya kupuliza hewa puani. Yeye anaweza kuanza na kifaa cha mdomoni, alale ubavu, na apunguze kitambi. Foronya aliitazama suruali ya kijivu. Mpaka siku ile alidhani imesinyaa kwenye maji.

Furaha yake ya kurudi kwenye kiti cha Daktari ilikatwa njiani. "Mtu ninayempenda simchokonoi mdomo," Daktari alimwambia kwenye simu. "Nimekukabidhi kwa Mzee Koleo, chumba cha pili."

Mzee Koleo, mkuu wa kliniki ile, alikuwa na mikono myepesi na maneno mepesi zaidi. Alichanganya ute wa rangi ya waridi wenye harufu ya mnanaa, akaujaza kwenye kijisahani cha chuma.

"Mzee, usishangae meno yangu," alijitapa Foronya. "Watu husema ni lulu zilizopangwa kwa uzi."

Mzee Koleo alichungulia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mungu ni fundi," alisema, akaubandika ute.

Alama za meno zikapelekwa karakana, mji mwingine kabisa. Wiki mbili baadaye kifaa kikarudi: vibamba viwili laini, cha juu na cha chini, vimeunganishwa ubavuni ili taya la chini lisogee mbele kiasi kidogo tu. Kikaja na kiboksi chake cha bluu. Wiki ya kwanza Foronya alitokwa udenda mpaka nikamuuzia foronya tatu, jina na bidhaa vikakutana. Asubuhi taya lilimuuma, akiuma mkate anauma kwa upande. Mzee Koleo alikirekebisha, leo nusu milimita, wiki ijayo nusu tena. Na wiki ya sita aliamka kabla ya kengele, kichwa chepesi, macho makavu, akaogopa. Alidhani amekufa. Alikuwa amelala tu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Nyuma ya makabati hakukoroma tena mtu. Mapenzi yakanoga. Akanunua pete.

*

Sasa sikia alivyopanga. Ile pete aliiweka ndani ya kiboksi cha bluu, juu ya kifaa. Angeingia ofisini kwa Daktari saa ya chakula, aseme "Mpenzi, hiki kifaa kinanibana, hebu kitazame," Daktari afungue kwa ukali wa kikazi, akute dhahabu. Hata mimi nilimpigia saluti.

Alhamisi, saa saba, shati jipya, akafika. Dada wa mapokezi akamwambia Daktari amekwenda kunawa, aingie tu. Akaingia. Akaweka kiboksi mezani, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akarekebisha tai. Ndipo akayaona.

Meno. Ya plasta, ya juu na ya chini, yamekaa dirishani kati ya chungu cha maua na picha ya marehemu baba. Yamefungwa utepe mwekundu kama zawadi. Foronya aliyainua, akayageuza. Chini yake, kwa mwandiko wa Daktari mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwa wino: *Wa maisha yangu.*

Akayatazama vizuri hayo meno ya huyo wa maisha. Ya chini yalisongamana kama abiria waliogombea dirisha moja. Moja limemlalia mwenzake begani. La juu, la mbele, limekatika pembe. Nyuma kule pameoza pakazibwa. Kwa hiyo yeye, mwenye lulu, amepelekwa chumba cha pili kwa mzee, na huyu mwenye mdomo kama uzio uliogongwa na lori ndiye amekaa dirishani, tena karibu na baba!

Alichukua kikaratasi cha kuandikia dawa, akaandika: *Kifaa hiki mpe huyo mwenye meno ya panya uliyemweka dirishani. Msalimie.* Akakipenyeza chini ya kifuniko cha kiboksi bila hata kukitazama, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapishana na watu wa usafi, hakusalimia.

Saa kumi jioni, akiwa anampimia mteja urefu wa kitanda, alisimama wima kama kachomwa sindano. Akapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati.

"Pete!" alisema.

"Mimi nimeolewa, mwanangu," alisema mteja.

Simu ililia mara saba. Ya nane akaipokea.

"Foronya, kwa nini umeacha kifaa? Utalalaje leo?"

"Nitalala na amani."

"Acha mchezo. Kifaa kiko mezani kwangu na karatasi yenye matusi. Nisikilize, yale meno..."

"Nimeshayaona! Hongera! Muoane, mzae fensi!"

Akakata, akazima simu. Pete ikabaki huko huko. Alisema afadhali ipotee kuliko kurudi kuiomba. Kiburi nacho, ukikilalia, kigumu kuliko chaga za kitanda.

Kurudi kwa ule ugonjwa hakukuchukua hata siku mbili. Ijumaa alisinzia akimpa mteja risiti. Jumamosi, duka limefurika, alishika kipaza sauti akasema, "Ndugu wateja, godoro hili...", akaegemea kabati, akateleza taratibu mpaka chini, kipaza sauti mdomoni. Lile kabati la nguo likaburutwa kwenye spika zote nane za duka mpaka watu wa stendi wakachungulia. Tukambeba na kipaza sauti chake tukamlaza juu ya godoro lile lile. Watu wakatoa simu. Halafu kwenye spika, pwaa, kimya.

Safari hii hakuna aliyecheka, maana sauti ya mwanamke ilikuwa inahesabu tangu mlangoni, inakuja mbio.

"Kumi na nane, kumi na tisa, pisheni! Ishirini..."

Daktari alitua magotini, koti jeupe la kazini bado mwilini, kiatu kimoja kimebaki njiani. Shangazi alikuwa nyuma anakiokota. Kwenye ishirini na mbili alimtikisa kwa mikono miwili, na Foronya akavuta hewa kwa kishindo, akafungua macho, akakuta uso ule ule, ila sasa unalia.

"Siku mbili!" Daktari alimpiga kifuani. "Siku mbili nimelala na simu mkononi nangoja mtu anipigie aniambie leo amelala vizuri!"

"Nenda kamhesabu wa maisha yako."

"Namhesabu sasa hivi!" Akatoa mkobani yale meno ya plasta, utepe na vyote. Watu wa mbele wakaruka nyuma. "Haya ya nani?"

"Ya panya wako."

"Jino hili la juu, limekatika pembe. Lako liko vipi?"

"Langu zima." Lakini ulimi wake ulikuwa umeshakwenda wenyewe, bila ruhusa, kutazama. Ukaikuta pembe. Akakumbuka soda, siku ya kumaliza kidato cha nne, alipofungua kizibo cha chupa kwa meno.

"Ya chini, hili limemlalia mwenzake. Lako?"

Ulimi ukashuka. Ukalikuta limelala begani. Macho yakamtoka pima.

Daktari alimshika mkono akamwinua, akampeleka mbele ya kabati la kioo, akamwekea plasta shavuni. "Cheka."

Foronya alicheka, si kwa furaha. Pale kiooni palikuwa na mtu mmoja na midomo miwili, na tofauti yake ilikuwa ni rangi tu. Duka zima likasema "Ee!" kwa pamoja.

"Mimi?" alinong'ona. "Hivi ndivyo nilivyo?"

"Kwa mbele unajiona. Ya nyuma na ya ndani nani kakuonyesha? Na usingizini nani kakuonyesha?" Sauti ya Daktari ikashuka. "Haya yametokana na zile alama zako za ute; Mzee Koleo alikuwa anayatupa. Kazi ikiisha plasta hutupwa. Nikamwomba. Kila nikitoa mgonjwa nayatazama, nasema, jana amelala na leo kaamka. Kila jino hapo nalijua, Foronya. Na lililooza."

Akatoa kiboksi cha bluu. "Nilifungua hiki Alhamisi nikakaa sakafuni. Humu mna pete, na mna matusi. Vimekaa pamoja. Nikubali lipi?"

Foronya alirudi akapiga goti juu ya godoro. La inchi kumi na mbili halina huruma, likabonyea, akaangukia ubavu. Akaamua kubaki hivyo hivyo, daktari wa usingizi si alimwambia alale ubavu.

"Matusi ni yangu, Daktari, na anwani yake ni kwangu," alisema. "Kubali pete. Nitakivaa kila nikilala, hata nikizeeka sina meno ya kukishikilia."

"Na utarudi kupimwa tena tujue kinafanya kazi?"

"Hata kesho."

"Na kwenye hicho kipaza sauti utasema nini?"

Foronya alikivuta. Spika nane zikakwaruza.

"Ndugu wateja," alisema, macho yamejaa machozi, "mimi nakoroma. Tangu nishuke tumboni mwa mama yangu."

Daktari akajivika pete mwenyewe, kwa sababu Foronya alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na watu wakashangilia mpaka mito yangu ikaanguka kwenye rafu.

*

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia, siku ya sherehe ya uchumba wa Foronya na Daktari, nimesimama na glasi mkononi, ukumbi mzima umenyamaza unanisikiliza. Nikafika pale pa kupiga goti, nikaonyesha na goti lenyewe. Nikasema, "Na haya nimeyaona kwa macho yangu haya mawili."

"We wa mito!"

Shangazi alikuwa amesimama meza ya tatu, miwani imepanda usoni.

"Goti uliliona saa ngapi?"

"Shangazi, nilikuwa hatua kumi!"

"Hatua kumi ulikuwa, ndiyo. Mlipomlaza mwenzako tu, ulirudi ukajirusha kwenye mito yako. Mtu anavishwa pete, spika zinalia, mimi nakugonga bega nataka mto, mara tatu! Domo wazi. Yote hayo uliyahadithiwa na mimi Jumatatu yake nilipokuja kuuchukua."

"Nilikuwa nawaza, Shangazi. Nikiwaza huwa nafumba macho."

Shangazi alitoa simu, akainyoosha mbali na uso namna watu wa makamo wanavyofanya, akabonyeza. Katika ukumbi ule wenye taa na maua, mtu akaanza kuburuta kabati juu ya sakafu ya saruji. Likafika ukutani. Likageuka. Likakwama.

Ukumbi ulisubiri. Nami nilisubiri, nikajikuta nimeshika kifua changu mwenyewe.

Bibi harusi mtarajiwa aliiweka glasi yake chini, akaivuta ile saa ya baba yake juu ya kiganja, akaja mpaka mbele yangu na gauni lake refu jeupe.

"Fungua mdomo," alisema.